Jinsi ya kufundisha wanachuo kuandika marejeleo mpaka waelewe, hatua kwa hatua

Kila muhula ukikaribia kuisha napokea maswali yale yale kutoka kwa walimu wenzangu hapa Mtwara mjini, na wengine wananipigia kutoka Masasi na Nachingwea. Hawa vijana nimewapa handauti ya kurasa kumi, nimewasomea darasani, bado wanaleta marejeleo yamekaa hovyo, nifanyeje? Kuelezea kwenye simu kunachukua jioni nzima kwa hiyo nimekaa nimeandika yote hapa. Inakuhusu wewe unayefundisha mwaka wa kwanza au diploma ya ualimu, inamhusu pia CR (kiongozi wa darasa) ambaye wenzake wanamgongea mlango usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti.

Kabla ya yote naomba uelewe shida inaanzia wapi. Vijana wetu wengi wamesoma miaka yote kwa fotokopi za steshenari na PDF za WhatsApp ambazo kurasa za mwanzo zilishakatwa zamani ili kupunguza gharama. Sasa unamwambia andika mwaka na mchapishaji, atautoa wapi? Hajawahi kuuona ukurasa wenyewe. Ndo maana mimi somo langu naanza na kitabu mkononi, kompyuta inakuja mwisho kabisa, na tangu nimeanza kufanya hivi kazi ya kusahihisha imepungua sana.

MAHITAJI

- Mwongozo wa chuo chako wa kuandika ripoti au tasnifu. Huu ndo unaotawala, hata kama unapingana na nilichoandika hapa.
- Vitabu halisi vyenye majalada, angalau kimoja kwa kila wanafunzi wanne. Azima maktaba, azima kwa wenzako.
- Makala moja ya jarida iliyoprintiwa yote, kuanzia ukurasa wa kwanza.
- Ripoti moja ya serikali au taasisi. Huku kwetu ripoti za korosho hazikosekani, na vijana wanazipenda kwa sababu ndo maisha ya nyumbani kwao.
- Karatasi za manila zilizokatwa kadi za ukubwa wa kiganja, kila mwanafunzi kadi sita.
- Peni za rangi nne (nyekundu, bluu, kijani, nyeusi) na rula.
- Laptopu moja yenye Word kwa siku ya pili. Siku ya kwanza hata umeme ukikatika somo linaendelea, na umeme wetu tunaujua.
- Vipindi viwili vya masaa mawili mawili. Usijaribu kubana kwenye kipindi kimoja, utakimbiza na watatoka hawana kitu.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua mtindo mmoja na uuandike ubaoni ukae hapo.

Mimi hapa natumia APA (mtindo wa American Psychological Association) toleo la 7, lililotoka 2019, kwa sababu ndo linalotumika kwenye vyuo vingi vinavyonizunguka. Kama chuo chako kinataka Harvard au Chicago hatua ni zile zile, kinachobadilika ni mpangilio na alama. Kuwa makini hapa: handauti nyingi zinazozunguka ni za toleo la 6 la 2009, na mwanafunzi anachanganya yote mawili kwenye ukurasa mmoja bila kujua. Utalijua toleo la 6 kwa vitu viwili, linaweka mji kabla ya mchapishaji (Dar es Salaam: fulani) na linaweka maneno ya "imepatikana kutoka" kabla ya kila linki. Toleo la 7 limeondoa mji kabisa, na linki unaiweka yenyewe tu. Lakini idara nyingi za Kiswahili bado zinataka mji uandikwe, kwa hiyo uliza kwanza idarani usije ukawaponza vijana.

2. Waonyeshe pacha.

Chora mstari katikati ya ubao. Kushoto andika sentensi yenye mtajo ndani yake (jina la mwandishi na mwaka), kulia andika rejea kamili, yaani ile inayokaa kwenye orodha ya mwisho. Waambie hawa ni pacha, ukimwona mmoja lazima mwenzake awepo. Kila jina lililo ndani ya kazi liwepo kwenye orodha ya mwisho, na kila kilicho kwenye orodha kiwe kimetajwa ndani. Basi, usiende zaidi ya hapo kwa nadharia, dakika tano zinatosha.

3. Fungueni ukurasa wa hatimiliki.

Hapa tumia muda wa kutosha. Gawa vitabu, kila kundi lifungue jalada, lipite ukurasa wa jina la kitabu, ligeuze nyuma yake. Hapo kuna maandishi madogo ambayo wengi hawajawahi kuyasoma maishani. Wape maswali manne tu: NANI kaandika, LINI kimetoka, NINI jina lake, WAPI kimechapishwa yaani kampuni gani. Nani kwa nyekundu, lini kwa bluu, nini kwa kijani, wapi kwa nyeusi. Waandike kwenye kadi bila kujali alama yoyote kwanza.

Kwenye LINI ndo kuna mtego mkubwa. Ukurasa ule unaweza kuwa na miaka mitano imepangana. Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo karibu kila maktaba inayo: toleo la kwanza ni 1981, la pili 2004, la tatu 2013. Mwanafunzi ameshika la pili ila anaandika 1981 kwa sababu ndo mwaka wa kwanza alioukuta. Kanuni ni hii, mwaka wa TOLEO ulilolishika mkononi. Na kuchapishwa tena tu bila kubadilisha kitu hakuhesabiki, kitabu kikiwa toleo la 2004 kikachapwa tena miaka mitatu baadaye bado ni 2004. Fanya zoezi hili na vitabu vitatu tofauti mpaka waache kubahatisha.

4. Majina.

Haya ndo yanayotutesa Watanzania kuliko wengine, maana mitindo hii imetengenezwa na watu wenye majina ya ukoo na sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu. Kanuni ya kufundisha: chukua jina la mwisho kama lilivyochapwa kwenye jalada, liweke mbele, koma, halafu herufi za kwanza za majina yaliyobaki. Julius Kambarage Nyerere anakuwa Nyerere, J. K. Mzee wetu wa Lupaso, Benjamin William Mkapa, anakuwa Mkapa, B. W. Vyeo vyote vinatoka, hamna Profesa, hamna Dokta, hamna Mheshimiwa, hamna Sheikh wala Padri. Kuna wanafunzi wanaona ni utovu wa adabu kumwandika Mwalimu Nyerere bila "Mwalimu", waelezee taratibu kwamba heshima yake iko palepale, ni utaratibu wa kumpanga kwenye orodha tu.

Shaaban Robert ataleta mjadala, andaa muda. Nusu ya darasa watasema Shaaban, R. na watakuonyesha kazi zilizoandikwa hivyo. Mimi nafundisha Robert, S. kwa kuwa Robert ndo jina la mwisho, na nawaambia wakishachagua wabaki na hilo kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kosa la hapa: mwanafunzi anageuza jina kwenye orodha halafu ndani ya kazi anamtaja kwa jina la kwanza. Nilikuwa na binti mmoja kutoka Tandahimba anaandika kuhusu stakabadhi ghalani, kazi nzuri kabisa, ila kila mwandishi ndani alimtaja kwa jina la kwanza na kwenye orodha yuko kwa jina la mwisho. Msomaji akitafuta hampati. Tulikaa naye chini ya mwembe na kadi zake tukaoanisha pacha mmoja mmoja, alipomaliza aligundua watatu hawana mwenzao kabisa. Ndo faida ya kadi, kwenye skrini asingeona.

Kama mwandishi ni taasisi, jina la taasisi linakaa zima kwenye orodha, haligeuzwi wala halifupishwi:

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. (2004). Kamusi ya Kiswahili sanifu (toleo la 2). Oxford University Press.

Ndani ya kazi mara ya kwanza anaandika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI, 2004), kuanzia hapo ni TUKI (2004). Na ripoti ambayo taasisi imeandika na kuchapisha yenyewe, mfano ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu au Bodi ya Korosho, usirudie jina kwenye nafasi ya mchapishaji, mara moja inatosha.

5. Andikeni rejea ya kitabu kwa mkono, kisha isomeni kwa sauti.

Sasa wageuze kadi, upande wa pili waandike rejea kamili kwa rangi zile zile. Jina la kitabu linatakiwa kuwa na herufi za mlazo, na kwa mkono tunaweka mstari chini yake kwa rula. Mfano niliozoea kuuweka ubaoni:

Iliffe, J. (1979). A modern history of Tanganyika. Cambridge University Press.

Halafu darasa zima lisome alama kwa sauti: Iliffe, koma, J, nukta, fungua mabano, 1979, funga mabano, nukta, jina la kitabu, nukta, mchapishaji, nukta. Mara tatu. Unaweza kuona ni mambo ya shule ya msingi lakini ukiwapitia kwenye madawati utakuta yule aliyekuwa anasahau nukta baada ya mabano mdomo wake unamkumbusha.

Angalia herufi kubwa. Kwenye APA jina la kitabu linaanza kwa herufi kubwa neno la kwanza tu, neno la kwanza baada ya nukta mbili kama lipo, na majina ya watu, mahali, lugha na vitu kama hivyo. Jalada limeandikwa herufi kubwa zote lakini sisi hatufuati jalada.

Waandishi wakiwa zaidi ya mmoja, kwenye orodha waandikwe wote (APA inaruhusu hadi 20), kwa mpangilio wa jalada, usiwapange upya kwa alfabeti:

Massamba, D. P. B., Kihore, Y. M. na Hokororo, J. I. (1999). Sarufi miundo ya Kiswahili sanifu. TUKI.

Ndani ya kazi wakiwa watatu na kuendelea unaandika wa kwanza tu na "na wenzake", kuanzia mara ya kwanza kabisa: Massamba na wenzake (1999). Wawili wanatajwa wote wawili kila mara. Kama kazi ni ya Kiingereza kwenye orodha ni alama ya & na ndani ni et al., kama ni ya Kiswahili tumia "na" kote. Wasichanganye.

6. Makala ya jarida.

Hapa wanafunzi wanapotea kwa sababu kuna majina mawili, la makala na la jarida. Mimi nawaambia makala ni korosho na jarida ni gunia. Mlazo unakaa kwenye gunia. Kwenye kitabu, kitabu chenyewe ndo gunia.

Iliffe, J. (1967). The organization of the Maji Maji rebellion. The Journal of African History, 8(3), 495–512.

Wasome tena kwa sauti. Jina la jarida na namba 8 ya juzuu vina mstari chini, (3) ambayo ni namba ya toleo haina, kurasa hazina. Kati ya 8 na mabano hakuna nafasi. Jina la jarida linabaki na herufi kubwa zake. Makala ikiwa na DOI (namba yake ya kudumu ya mtandaoni) hiyo inakaa mwisho ikiwa imeanza na https://doi.org/ na haiwekewi nukta baada yake, maana nukta itaharibu linki.

Makala hii naipenda darasani kwa sababu inazungumzia vita ya 1905 mpaka 1907, na vijana wa Kilwa na Liwale wanaijua habari yake kwa mababu zao, kwa hiyo wanaishika karatasi wakiwa na hamu nayo.

7. Mtajo ndani ya kazi.

Kuna njia mbili tu. Jina likiwa sehemu ya sentensi mwaka peke yake unaingia kwenye mabano: Iliffe (1979) anaeleza kwamba... Jina likiwa halimo kwenye sentensi vyote vinaingia mwishoni: (Iliffe, 1979). Nukta ya sentensi inakuja BAADA ya mabano, sio kabla, hili nalirudia mpaka sauti inakauka.

Ukinukuu neno kwa neno lazima ukurasa uwepo, uk. kwa mmoja, kur. kwa zaidi. Nukuu ya maneno 40 na kuendelea inasimama yenyewe, imeingizwa ndani, bila alama za kunukuu. Ukieleza kwa maneno yako bado unamtaja mwenye wazo. Hapa kaa nao vizuri, wengi wanaamini kabisa kwamba ukibadilisha maneno wazo limeshakuwa lako, hawana nia ya kuiba, hawajaambiwa tu.

8. Badilishaneni kadi.

Kila mmoja ampe jirani kadi zake. Jirani aende kwenye meza yenye vitabu, akipate kile kitabu kwa kutumia kadi peke yake. Akishindwa kadi inarudi kwa mwenyewe. Usisahihishe wewe, waache wenyewe waone kwamba kadi bila mwaka wa toleo inampeleka mwenzio kwenye kitabu kingine.

9. Siku ya pili, kompyuta.

Andika orodha kwenye ukurasa mpya, kichwa "Marejeleo" katikati, nafasi mbili kati ya mistari. Ichague orodha yote, bonyeza Ctrl na T kwa pamoja. Mstari wa kwanza utabaki nje, ya chini yake itaingia ndani, inatakiwa sentimita 1.27. Kisha bonyeza kitufe cha A na Z cha kupanga, orodha itajipanga kialfabeti. Usiweke namba wala nukta nukta pembeni.

Mwiko mkubwa: kusogeza mstari wa pili kwa kubonyeza spesi. Inaonekana sawa kwenye laptopu yake, akifika steshenari kuprinti kwenye kompyuta nyingine yenye fonti tofauti kila kitu kimetawanyika, analia na pesa imeshalipwa.

10. Ndipo uwaonyeshe njia za mkato.

Google Scholar ina alama ya kunukuu chini ya kila matokeo, ukibonyeza inakupa rejea tayari. Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, ni ya bure na inasaidia sana kwa tasnifu. Zote mbili zinakosea, utakuta jina lote la makala limeandikwa kwa herufi kubwa au mchapishaji hayupo. Aliyepita hatua ya 3 mpaka 8 ataliona kosa, aliyerukia huku moja kwa moja hataliona.

Na programu za akili bandia za kuchati, nawaomba sana muwaambie vijana ukweli. Zinatunga rejea. Jina la mwandishi linaonekana la kweli, jarida ni la kweli, makala haipo duniani. Kuna kijana aliniletea orodha nzuri mno kuhusu bei ya korosho, tukachukua DOI moja moja tukaiweka kwenye doi.org, nyingi zikagoma na nyingine zikatupeleka kwenye makala za mambo mengine kabisa. Alikuwa hajui, na aliumia. Kanuni yangu darasani sasa ni moja, usichokifungua kwa macho yako hukiandiki.

IKIGOMA, ANGALIA HAPA

Hakuna mwandishi. Jina la kazi linachukua nafasi ya kwanza, mwaka unafuata. Usiandike "Google" wala "Intaneti" kama mwandishi, na angalia vizuri kwanza, mara nyingi taasisi yenye tovuti ndo mwandishi.

Hakuna mwaka. Kwa Kiswahili andika (b.t.), yaani bila tarehe, kwa Kiingereza ni n.d. Usikadirie.

Mwandishi mmoja, kazi mbili, mwaka mmoja. 1967a na 1967b, herufi zikifuata alfabeti ya majina ya kazi, na ziwe hizo hizo ndani ya kazi.

Nimesoma handauti ya mwalimu inayomnukuu mtu mwingine. Kwanza mtafute huyo mtu mwenyewe. Ukimkosa kabisa mtaje ndani hivi: fulani, kama alivyonukuliwa na fulani, na kwenye orodha unamweka yule uliyemsoma peke yake.

Fotokopi haina jalada. Chukua jina la kitabu au sentensi moja ndefu iliyomo, itafute kwenye Google Books au muulize mkutubi. Ukikosa kabisa usikitumie kama chanzo, tafuta kingine.

Nimeongea na mzee Mikindani, namwandikaje? Kama ni mazungumzo ya kawaida anatajwa ndani tu, jina, maneno "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili, haingii kwenye orodha kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyasoma yale maongezi. Kama mzee ni mmoja wa watu uliowahoji kwenye utafiti wako hapo hatajwi kwa njia hii, ni sehemu ya data zako, mpe utambulisho kama Mhojiwa 4 na ulinde jina lake kama ulivyomuahidi.

Linki haifunguki tena. Ijaribu kwenye Wayback Machine (tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani), weka linki ya nakala iliyohifadhiwa. Ndo maana nawaambia wakipata ukurasa wa maana wauhifadhi siku hiyo hiyo, na tarehe waiandike nyuma ya kadi.

Supavaiza anataka tofauti na hivi. Mfuate supavaiza, ila mwombe rejea tatu za mfano kwa maandishi, ya kitabu, ya makala na ya ripoti, halafu ubandike mbele ya daftari na uzifuate hizo mpaka mwisho wa tasnifu.